Maksi Hupanda Seneti, Hazirudi Darasani



Kajiado ya leo haina uhaba wa vyuo vikuu. Ongata Rongai kuna Africa Nazarene, iliyoanza kufundisha 1994 na kupata hati kamili ya serikali 2002. Huko huko Rongai kuna Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika, kinachofundisha shahada za juu peke yake. Mjini Kajiado kuna Umma University. Hapa Kitengela matawi ya vyuo yamepanga ghorofa, na ukielekea Athi River unakutana na Daystar. Mzazi wa Isinya au Mashuuru ambaye zamani alilazimika kumpeleka mwanawe mbali, leo anamlipia karo karibu na nyumbani. Wengi wameuza ng'ombe kwa ajili hiyo, na wengine wameuza shamba.

Kwa sababu ya ng'ombe hao na mashamba hayo, nataka tuulizane jambo moja jioni hii. Chuo kinajuaje kwamba mwanafunzi wake amejifunza kweli? Na kikigundua kwamba hajajifunza, kinafanya nini? Simzungumzii mwanafunzi mmoja aliyeanguka mtihani. Huyo ana utaratibu wake, atafanya marudio. Naizungumzia programu nzima ya shahada: ya biashara, ya ualimu, ya mazingira, ya kompyuta. Programu hiyo nayo hupimwa na nani, na ikishapimwa hurekebishwa vipi?

Jibu langu nalitoa mapema ili msije mkanisubiri. Vyuo vyetu ni hodari wa kumpima mwanafunzi, lakini havijajifunza kujipima kupitia kwake. Maksi hupanda hadi Seneti, huidhinishwa, hutangazwa, na hazirudi darasani kumfundisha mhadhiri chochote.

Tuifuate safari yake. Chukua uniti moja ya mwaka wa pili. Mwanafunzi hufanya CAT, yaani majaribio ya muhula, mbili au tatu zenye jumla ya maksi 30, kisha mwisho wa muhula hukaa mtihani wa maksi 70. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hugawa 40 kwa 60, lakini roho ya mambo ni ile ile. Mhadhiri hubeba bahasha za kaki hadi nyumbani, husahihisha usiku, hujumlisha na kuingiza maksi kwenye mfumo. Kikao cha idara huzitazama, kikao cha kitivo huzitazama, Seneti huzipitisha. Siku moja mwanafunzi akiwa kwenye matatu hufungua simu na kukuta herufi: B. Hajui alipokosea, na pengine hajui hata alipopatia. Karatasi yake iko stoo, imefungwa kamba, inangoja muda wa kisheria upite iteketezwe. Yale maandishi ndiyo ushahidi pekee tulio nao wa kile kilichokuwa kichwani mwake, na hakuna atakayeyasoma tena.

Sasa tazameni karatasi yenyewe. Kila aliyesoma chuo kikuu nchini Kenya anaujua mpangilio wake: swali la kwanza ni la lazima, maksi 30, halafu chagua mengine mawili kati ya yaliyobaki, maksi 20 kila moja. Ni mpangilio wa huruma, maana unampa mwanafunzi nafasi ya kuonyesha anachokijua. Lakini fikirini unavyofanya kazi katika programu nzima. Tuseme mtaala umeandika kwamba kila mhitimu wa shahada hii ataweza kuchambua takwimu. Mwanafunzi asiyezipenda takwimu huliruka swali la takwimu mwaka wa kwanza, akaliruka mwaka wa pili, akaliruka mwaka wa tatu. Mwaka wa nne anavaa joho na cheti kinasema ana daraja la pili, ngazi ya juu. Hakudanganya mtu. Alitii maelekezo yaliyochapishwa juu ya karatasi. Chuo ndicho kilichoahidi jambo ambalo hakikulidai.

Idara ingeweza kuligundua hilo kwa mchana mmoja. Ingetosha kuhesabu ni wangapi walilichagua swali gani, na waliolichagua walipata ngapi. Kama wanafunzi 80 walifanya mtihani na sita tu wakaligusa swali la takwimu, hapo tatizo si la hao 74 peke yao. Lakini lile jedwali linalopelekwa Seneti halina safu ya maswali. Lina safu ya jina, ya namba ya usajili, ya CAT, ya mtihani, ya jumla na ya gredi. Seneti haiwezi kuuliza kitu ambacho haionyeshwi.

Mazoea haya yana asili yake. Makerere ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London 1949, wanafunzi wa Afrika Mashariki walianza kusomea digrii za London, na Royal College ya Nairobi ikafuata njia hiyo hiyo 1961. Wasiwasi mkubwa wa wakati ule ulikuwa mmoja: je, digrii inayopatikana huku ina uzito sawa na ya London? Kwa hiyo ukajengwa utaratibu wa kulinganisha karatasi, wa mtahini wa nje anayepitia maswali na majibu na kusema kiwango kimefikiwa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa 1963, kikiwa na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam chini yake, utaratibu huo ulirithiwa. Kilipovunjwa 1970 kila nchi iliondoka na nakala yake. Namheshimu mtahini wa nje. Bila yeye pengine mambo yangeharibika zaidi. Ila kazi aliyopewa ni kulinda thamani ya cheti, na thamani ya cheti inaweza kulindwa vizuri huku mafundisho yakibaki yale yale miaka ishirini.

Sheria mpya zilijaribu kugusa upande wa pili. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kanuni na viwango vyake vya 2014 vilitaka kila programu itamke mapema matokeo ya ujifunzaji, yaani mhitimu atakuwa na uwezo wa kufanya nini. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala lilishachapisha mwongozo wa ubora unaoitaka programu ijitathmini yenyewe kabla ya kutathminiwa na wageni: iangalie wanafunzi wangapi wanamaliza, waajiri wanasemaje, mitihani inapima yale yaliyoahidiwa au inapima mengine. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Nimeona mitaala minene iliyojaa vitenzi vizuri: kuchambua, kubuni, kutathmini, kutatua. Ukifungua karatasi za mtihani za programu hizo hizo unakutana na kitenzi kimoja kinachojirudia, taja. Taja na ueleze. Taja na ujadili. Taja sababu tano.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa kuwa unatuhusu sisi watu wa Kajiado kila tunapofungua mfereji. Maji ya visima vingi vya kaunti hii yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanaeleza. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme chuo kina shahada ya mazingira au ya afya ya jamii, na mtaala unasema mhitimu ataweza kutathmini ubora wa maji na kuishauri jamii. Swali la mtihani linakuja hivi: taja na ueleze athari tano za floraidi kwa binadamu. Mwanafunzi aliyebukua usiku anaandika meno, mifupa, viungo, anapanga vizuri, anapata 16 kwa 20. Amesema kweli tupu. Lakini bado hatujui kama anaweza kutathmini maji.

Sasa geuza swali. Shule ya msingi ina visima viwili. Kipimo cha kisima cha kwanza ni miligramu 3.2, cha pili ni 0.9. Ile chupa ya kisima cha pili ilijazwa kutoka kwenye tangi la juu ambalo pia hupokea maji ya mvua ya paa. Mwalimu mkuu anataka kujua Jumatatu watoto wanywe maji gani. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Hapo hakuna cha kukariri. Mwanafunzi mzuri ataishuku ile 0.9, maana tangi limechanganya maji ya kisima na ya mvua, na atataka chupa nyingine ijazwe kwenye pampu. Atalinganisha na 1.5. Atafikiria kuvuna maji ya mvua, na kuchanganya maji ya vyanzo viwili, na gharama ambayo shule ya Mashuuru inaweza kuimudu. Na ataandika kwa lugha ambayo mwalimu mkuu ataielewa bila kumwita mtaalamu mwingine.

Kusahihisha barua hiyo kunahitaji vigezo vilivyokubaliwa mapema: je, ameihoji sampuli, ametumia kiwango sawasawa, ushauri wake unatekelezeka, maandishi yake yanaeleweka. Wahadhiri wawili wasome barua zile zile kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana sana, vigezo havijakaa vizuri na warudi kuvinoa. Wakikubaliana, basi wana kitu cha thamani mkononi. Tuseme wamegundua kwamba barua nyingi zimelinganisha namba vizuri lakini takriban zote hazikuihoji sampuli. Hilo si kosa la darasa zima la vijana waliozaliwa na uzembe mmoja. Ni kwamba katika miaka minne hakuna aliyewapeleka kisimani na chupa mkononi. Idara inaamua: mwaka wa pili, wiki ya sita, tutakwenda kisimani, kila mmoja ajaze chupa yake na aandike ameijaza wapi na saa ngapi. Mwaka unaofuata swali la namna hiyo linaulizwa tena, barua zinasomwa tena. Kama wameanza kuihoji sampuli, dawa imefanya kazi. Kama bado, dawa haikuwa hiyo, itafutwe nyingine.

Hiyo ndiyo maana yote ya kutathmini programu ili kuiboresha. Haihitaji mashine wala mshauri kutoka ng'ambo. Inahitaji watu watatu au wanne wa idara moja, meza, karatasi za wanafunzi, na ujasiri wa kukubali kwamba matokeo yale yanawasema na wao pia.

Wamaasai wa kaunti hii hawamkabidhi mtoto kundi la ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na ndama karibu na boma, wakubwa wakimtazama, na anaporudi na upungufu anaulizwa amepita wapi, kisha anaonyeshwa njia. Anapofika kuchunga mbali, watu wengi wameshamwona akifanya kazi. Mwanafunzi wetu wa chuo anaweza kumaliza miaka minne bila mhadhiri hata mmoja kumwona akifanya kazi aliyosomea.

Waliojaribu njia nyingine wapo, tena hapa nchini. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza 1990, kiliamua kuanzia kwenye matatizo ya wagonjwa na kuwapeleka wanafunzi vijijini kuishi na kufanya kazi kwenye vituo vya afya, kwa mpango unaojulikana kama COBES. Mwanafunzi hujifunza katika kikundi kidogo mbele ya mkufunzi anayemsikia akiwaza. Wanatiba kwa jumla wametutangulia katika hili: tangu Ronald Harden wa Dundee alipoeleza mbinu yake 1975, wanafunzi wao hupita kituo baada ya kituo, kila kituo na kazi yake, na mtahini akiwatazama kwa macho. Nchini Marekani, Chuo cha Alverno mjini Milwaukee kiliacha gredi za herufi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilianza kuwapima wanafunzi kwa kazi wanazozifanya, na kiliwaita watu wa mji, wenye biashara na ofisi zao, waje kusaidia kutathmini. Nikifikiria Kitengela, na viwanda vya Athi River, na mashamba ya maua ya Isinya, na kiwanda cha magadi, na kituo cha mpakani Namanga, naona watathmini wengi ambao hatujawahi kuwaita.

Kweli huwa tunawaita kwa mlango mmoja, ule wa atachimenti. Hebu tuuangalie. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huenda kazini miezi mitatu na kitabu chake cha kumbukumbu, anakijaza kila siku, msimamizi anapiga muhuri kila wiki. Mhadhiri hufika mara moja, hukaa nusu saa, hujaza fomu, huaga. Nilimkuta msichana mmoja wa ununuzi na ugavi kwenye ghala upande wa Athi River. Kwenye kitabu chake, siku nyingi ziliandikwa sentensi moja: nilipanga bidhaa. Nilipoketi naye kwenye kreti mbili pale mlangoni akanieleza kwamba kadi za ghala zilikuwa zikitofautiana na mzigo ulioko rafuni kila Ijumaa, na kwamba aliamua kufuatilia. Aligundua mizigo inayorudishwa na wateja ilikuwa inaingizwa mara mbili, mara ya kwanza na mlinzi wa geti na mara ya pili na karani wa mapokezi. Alimwonyesha msimamizi, na utaratibu ukabadilishwa. Alinieleza haya kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi kwa kuingilia mambo ya watu.

Nilifungua fomu niliyopewa kumpimia. Iliuliza kuhusu kufika kwa wakati. Iliuliza kuhusu mavazi, utii na uhusiano na wenzake. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba binti huyu ameona hitilafu, ameifuata hadi kwenye chanzo chake, ameeleza kwa ushahidi na ameshawishi watu waliomzidi umri na cheo. Mambo hayo manne mtaala wa shahada yake uliyaahidi. Yeye aliyatimiza yote, na chuo hakikuwa na macho ya kuyaona. Niliandika kwa mkono nyuma ya fomu. Najua nyuma ya fomu hakusomwi.

Kuna upande mwingine wa kupima ambao nausema kwa uchungu. Sote tunajua mwakenya, kile kikaratasi kinachoingia chumba cha mtihani ndani ya soksi, na siku hizi simu imechukua nafasi yake. Lakini udanganyifu ulio mkubwa zaidi hauingii chumba cha mtihani kabisa. Kwa miaka mingi vijana wetu wenye digrii na wasio na kazi wamekuwa wakiandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo, kazi ya usiku kucha mbele ya kompyuta. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, imewaonyesha. England iliipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022, na mwisho wa mwaka huo huo ChatGPT ikatokea, ikaanza kuandika insha bila malipo yoyote. Mimi huwa nawafikiria waandishi wale wa Nairobi na vitongoji vyake. Waliweza kusoma mada ngeni kwa siku mbili, wakaijenga hoja na kuitetea kwa kiwango cha vyuo vya kifahari. Uwezo huo walikuwa nao, na mitihani yao wenyewe haikuwahi kuuonyesha kwa namna ambayo mwajiri angeithamini.

Dawa moja ya udanganyifu huo ni ya zamani kwetu. Katika chuo cha Riyadha pale Lamu na katika madarasa mengi ya pwani, mwanafunzi hapewi ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kabla mwalimu hajamsikiliza akikisoma kitabu mbele yake na kukieleza. Mkalishe mwanafunzi dakika kumi, muulize kwa nini aliandika aya hii, angefanya nini kama namba hizi zingekuwa tofauti. Aliyeiandika kazi yake atachangamka. Asiyeiandika utamjua kabla ya dakika ya tatu.

Mtaniambia: haya yote yanataka muda, na mhadhiri hana. Ni kweli, na ninayesema hili ni mhadhiri. Mgomo wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49, nao ulihusu malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya tangu 2017. Katika vyuo vingi mzigo umebebwa na wahadhiri wa muda wanaofundisha Jumatatu Kitengela, Jumanne Rongai, Jumatano mjini Nairobi, wanaolipwa kwa uniti na malipo yakichelewa. Mtu huyo ana bahasha mia tatu za kusahihisha. Ukimwomba aandike maoni kwenye kila karatasi unamwomba alale saa mbili. Chuo kinachotaka tathmini ya kweli lazima kiihesabu kama kazi, kiipangie saa na kiilipie, kama kinavyolipia saa za kufundisha. Anayetaka ifanyike bure hajaitaka.

Lakini pia kuna muda tunaoupoteza. Utafiti mwingi umeonyesha maksi tupu hazimsaidii mwanafunzi kuboreka. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Israeli aliwagawa wanafunzi: wengine walirudishiwa kazi zao na maksi peke yake, wengine na maoni peke yake, wengine na vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio walioendelea vizuri. Waliopata vyote viwili hawakunufaika kama wao, maana macho yalikimbilia namba. Miaka kumi baadaye Paul Black na Dylan Wiliam wa London walipitia tafiti za aina hiyo kwa mamia na kufikia uamuzi ulio wazi, kwamba maoni yanayomfikia mwanafunzi wakati bado anaweza kuyatumia huinua ujifunzaji, na humwinua zaidi yule aliye nyuma. CAT ya wiki ya tano ikirudishwa wiki ya saba na sentensi mbili za maana, inafundisha. Ikirudishwa baada ya mtihani, au isiporudishwa kabisa, imebaki kuwa kodi.

Halafu kuna karo. Mwaka wa ukame, na ule wa 2022 hatujausahau, ng'ombe wamekufa, baba hana cha kuuza, mwanafunzi hana kadi ya mtihani. Anaikosa CAT, anaukosa mtihani, na kwenye mfumo inaonekana kama hakujua. Baadaye idara inachora wastani wa darasa na kusema kiwango kimeshuka. Maksi zilizokosekana kwa sababu ya karo, na zile zilizopotea kati ya mhadhiri na mfumo, ziwekwe kando kabla ya kusema lolote kuhusu ujifunzaji. Vinginevyo tunapima mvua ya Kajiado na kuiita elimu.

Na ile fomu ya wanafunzi kumtathmini mhadhiri, ambayo katika vyuo vingine lazima ijazwe mtandaoni kabla kadi ya mtihani haijachapishwa: kijana anabonyeza tano, tano, tano hadi mwisho ili apate kadi yake. Afadhali kuuliza maswali mawili katikati ya muhula, kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina: nini hukuelewa, nini kikusaidie. Kisha wiki inayofuata mhadhiri asimame aseme nimesoma, na hili nitalibadilisha. Wanafunzi wakiona hilo limefanyika mara moja tu, mara ya pili wataandika ukweli.

Ninachokiomba kwa idara ni kidogo. Kila mwaka, baada ya Seneti, tengeni siku moja. Toeni stoo karatasi chache za waliofanya vizuri, za wa katikati na za walioanguka. Chagueni ahadi moja tu ya mtaala wenu, msizichague zote kumi na mbili, na mtafute ushahidi wake ndani ya karatasi hizo. Badilisheni jambo moja. Liandikeni kwenye ukurasa mmoja na ukurasa huo upande Seneti pamoja na maksi, ili mwaka ujao mtu aulize jambo hilo lilifikia wapi.

Mzazi, unapokwenda kuulizia nafasi ya mwanao usiulize karo peke yake. Uliza: mwaka jana wanafunzi wenu walishindwa na nini, na nyinyi mmebadilisha nini? Chuo kinachojua jibu kitakueleza papo hapo. Kijana, omba kuiona karatasi yako, kwa adabu na kwa msimamo, na ukinyimwa rudi tena uombe.

Watoto walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watabisha hodi vyuoni 2029. Tangu madarasa ya chini wamezoea kufanya miradi, kupewa maelezo ya walipofika na kuonyeshwa pa kuendelea. Miaka mitatu inatosha kuwaandalia mapokezi, kwa idara itakayoanza sasa. Wahadhiri wenzangu wa Kajiado, karatasi za muhula huu bado ziko stoo. Nawaomba tuanze na hizo.